Wazee Si Mifuko: Skuli ya Umma Haina Mwenyewe Ila Umma



Kuna mambo ambayo wazee wa visiwa hivi huitwa skuli kuyashughulikia, na kuna mambo ambayo hawaitwi kabisa. Bati likitoboka, wazee huitwa. Mawe na mchanga vikihitajika kwa banda jipya, wazee huitwa, na sheha hupita nyumba kwa nyumba asije akasahauliwa mtu. Choo kikijaa, dawati likivunjika, mlinzi akikosa ujira wake, wazee huitwa. Lakini siku inapoamuliwa mtoto asome nini, asome kwa lugha gani, apimwe kwa mtihani wa nani, na fedha zilizokusanywa zimetumika vipi, siku hiyo mzazi hana kiti. Huletewa barua kwa mkono wa mwanawe, nayo barua hiyo haiulizi kitu, inaarifu tu.

Gazeti hili linasema, na wala halitachoka kusema, kwamba mwenye kuchangishwa ana haki ya kuulizwa. Na mwenye mtoto ana haki iliyo kubwa kuliko hiyo, hata ikiwa hakuchanga senti moja. Skuli ambayo mzazi hana neno ndani yake haistahiki kuitwa skuli ya umma. Hiyo ni skuli ya maofisa iliyojengwa kwa mawe ya umma.

TULIKOTOKA

Wapo wanaopenda kusema kwamba watu wa Unguja na Pemba hawakuijua elimu wala hawakuijali mpaka walipoletewa. Uwongo huu ni mkongwe, na kwa kuwa umerudiwa sana hata baadhi ya watoto wetu wamekwisha kuuamini. Kabla ya kufunguliwa skuli ya Serikali mjini mwanzoni mwa karne ya 20, na kabla ya kuundwa Idara ya Elimu mwaka 1907, mitaa na vijiji vyetu vilikuwa na vyuo vyao. Mwalimu wa chuo alikuwa mtu anayejulikana kwa jina na kwa ukoo. Wazee ndio waliompelekea watoto, wao ndio waliomtunza kwa walichojaaliwa, na mzee akiona mwanawe hasomi alikwenda mwenyewe barazani kwa mwalimu akamuuliza uso kwa uso. Waliotoka katika vyuo hivyo waliandika barua zao, hesabu za maduka yao na tenzi zao kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu.

Ikaja skuli ya Serikali pamoja na herufi za Kizungu, na mtu aliyekuwa akisoma na kuandika tangu utotoni akaambiwa ghafla kwamba yeye ni katika wasiojua kusoma. Hakuna aliyemuuliza. Wazee wa shamba walikwisha kuziona skuli za misheni zilizoanzishwa hapa tangu karne ya 19, wakaingiwa na khofu kwamba skuli hii nayo itawatoa watoto wao katika dini yao. Basi wakawazuia. Wakubwa wa siku zile wakasema kwamba watu wa shamba hawaitaki elimu, wakaridhika na jawabu hilo, maana jawabu la kumlaumu asiyekuwepo halina gharama.

Je, hali hiyo ilibadilishwa na nini? Haikubadilishwa na bakora wala na hotuba. Ilibadilika pale Serikali, polepole na kwa shingo upande, ilipokubali kuyasikia waliyokuwa wakiyasema wazee. Kurani na mafunzo ya dini vikapewa nafasi katika masomo ya skuli, na walimu wa vyuo wakaingia madarasani. Hali kadhalika kwa watoto wa kike. Skuli ya Serikali ya wasichana ilifunguliwa mjini mwaka 1927 kwa kutazama heshima na stara ambazo wazee hawakuwa tayari kuziacha. Wazee wale wale waliokuwa wakisemwa kuwa ni maadui wa elimu wakawatoa binti zao, na katika binti hao wakatoka walimu waliofundisha vizazi baada ya vizazi.

Tulitie akilini funzo hili, maana historia yetu wenyewe ndiyo iliyotufundisha. Skuli iliyoletwa bila ya kuulizwa wazee ilikimbiwa. Iliposikiliza, ikaendewa. Mzee hakuwa akiikataa elimu. Alikuwa akikataa kunyang'anywa mtoto.

Na huko Uingereza kwenyewe, kwa hao waliokuwa wakitutawala, mambo yalikuwaje? Mwaka 1944 Bunge lao lilipitisha Sheria ya Elimu iliyoweka kanuni kwamba watoto wafundishwe kwa kufuata matakwa ya wazee wao, maadamu jambo hilo halivurugi mafunzo wala halileti gharama isiyo na kiasi. Mzazi wa London alikuwa na matakwa yaliyoandikwa katika sheria. Mzazi wa Makunduchi na wa Wete alikuwa na shukurani za kutoa kwa kila alichopewa. Huo ndio ukoloni, na huo ndio mwendo tuliokuwa tukitaraji kuuzika siku ulipoondoka.

MWAKA 1964 NA BAADA YAKE

Hatutaki kusemwa kwamba tunaficha haki ya mtu. Tarehe 23 Septemba, 1964 ilitangazwa elimu bila malipo katika Zanzibar. Milango iliyokuwa imefungwa kwa ada na kwa kabila ilifunguliwa, na mtoto wa mvuvi na wa mkwezi akaingia katika skuli ambazo baba yake alikuwa akizipita kwa nje tu. Jambo hilo lilikuwa la haki, na mwenye kulikanusha hana insafu.

Lakini siku ile ile ilizaliwa fikra nyengine ambayo haikuwa ya haki, nayo imekua pamoja na watoto wetu mpaka leo. Fikra hiyo ni kwamba anayepewa kitu bila malipo hana ruhusa ya kukiuliza. Skuli za jumuiya mbalimbali, zilizokuwa na wasimamizi wao, ziliingizwa zote katika mikono ya Serikali. Ada ikaondoka, na sauti ya mzazi ikaondoka pamoja nayo. Mzazi akafanywa mgeni aliyekaribishwa, na mgeni hana adabu akiuliza chakula kimepikwa vipi.

Tunasema fikra hiyo ni ya makosa tangu mwanzo wake. Elimu ile haikuwa bure. Ililipiwa na mkulima wa Pemba aliyeuza karafuu zake kwa bei aliyopangiwa, asiyekuwa na khiyari ya kumuuzia mwengine. Ililipiwa na mchukuzi bandarini, na kila aliyenunua mchele na sukari akalipa ushuru ndani ya bei bila ya kujua. Kila chaki iliyoandika ubaoni ilitoka katika jasho la mtu wa visiwa hivi. Ikiwa mlipaji ni sisi, basi karamu ni yetu, na anayetuita wageni ndiye aliyesahau nyumba ni ya nani.

Kisha ikaja miaka ya 1990, na ile elimu bila malipo ikarejeshewa malipo kwa jina jengine. Safari hii haikuitwa ada, iliitwa michango. Mzazi akatakiwa achangie, na mtoto wa asiyechanga akajua aibu ya kusimamishwa mbele ya wenzake. Katika miaka ya 2010 Serikali ikatangaza kuifuta michango hiyo, nasi tuliipokea habari hiyo kwa furaha. Lakini angalieni jambo moja, ndugu zangu. Katika kuileta michango, mzazi hakuulizwa. Katika kuifuta, hakuulizwa. Na katika miaka yote iliyokuwa ikikusanywa, ni wazee wangapi waliopata kuonyeshwa daftari la mapato na matumizi? Kila msomaji ajijibu kwa skuli ya kijiji chake.

Desturi ya kujenga nayo ni hiyo hiyo. Wanakijiji hukusanya mawe, huchoma chokaa, hupandisha ukuta mpaka ufikie linta, kisha hungojea Serikali iezeke. Mabanda mangapi katika visiwa hivi yameota majani ndani yakingojea bati! Na siku bati linapokuja, hufanywa sherehe, hukatwa utepe, na mkubwa hupewa shukurani na wale wale waliobeba mawe kichwani. Hatuna ugomvi na utepe. Tunauliza tu: mtu aliyeweza kuaminiwa kupandisha ukuta, kwa nini haaminiwi kuuliza kinachofundishwa baina ya kuta hizo?

LUGHA YA MTOTO

Tuchukue mfano mmoja ulio mkubwa kuliko yote. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliamua kwamba hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Mtoto aliyeanza kuijua sehemu na desimali kwa lugha ya mama yake akaambiwa aziache, aanze upya kwa lugha asiyoisikia nyumbani, wala sokoni, wala pwani, na ambayo mara nyingi mwalimu wake mwenyewe huisema kwa taabu.

Tena jambo hili limefanyika wapi? Limefanyika Zanzibar, kisiwa ambacho Kiswahili chake cha Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu cha Afrika ya Mashariki yote, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake juu ya msingi huo mwaka 1930. Watu wa bara na wa ng'ambo wanajifunza lugha yetu kwa vitabu, na mtoto wa lugha hiyo hiyo anaambiwa kwamba haifai kumfundishia kugawanya na kuzidisha.

Tunajua kwamba wazee wenyewe hawana kauli moja katika jambo hili. Wako wanaotaka Kiingereza, wakisema kwamba ndicho kinachompatia mtu kazi na ndicho atakachokutana nacho sekondari. Wako wanaosema kwamba mtoto hafundishiki kwa lugha asiyoielewa, na kwamba Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo badala ya kufanywa pazia mbele ya masomo mengine. Gazeti hili lina maoni yake, na msomaji amekwisha kuyaona. Lakini maoni ya gazeti si kitu. Kitu ni kwamba mvutano huu ulikuwa haki ya wazee kuvutana. Ulistahiki kuletwa vijijini, ukasemwa kwa Kiswahili, kila upande ukatoa hoja, na walimu wakaulizwa mbele ya wazee kama wanaweza au hawawezi. Ni skuli ipi iliyoitisha mkutano wa namna hiyo kabla ya uamuzi, ukahesabu mikono na kuandika matokeo? Anayeijua atuletee jina lake, nasi tutaipigia mfano.

Badala yake mzazi alilijua jambo hili siku mtoto aliporudi na kitabu asichoweza kumsaidia kukisoma. Usiku mmoja tu, baba aliyekuwa akimwangalizia mwanawe hesabu zake kando ya taa akawa hana kazi. Sera iliyomtenga mzazi na daftari la mwanawe isije ikalalamika kesho kwamba wazee hawafuatilii masomo ya watoto.

MTIHANI WA NG'AMBO

Au tutazame mitihani. Elimu ya msingi na ya sekondari si katika mambo ya Muungano, lakini Baraza la Mitihani limo. Kwa hivyo mtoto wa Zanzibar husoma chini ya Wizara ya Zanzibar, na mtihani wake wa kidato cha nne ukapimwa na chombo cha Muungano kilicho ng'ambo ya bahari. Wote tunakumbuka matokeo ya mtihani wa mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, ambayo zaidi ya nusu ya watahiniwa wa Tanzania nzima walipewa sifuri. Kilio kilipozidi, ikaundwa tume, matokeo yakafutwa, na alama zikapangwa upya.

Basi mtoto aliyekuwa amefeli mwezi wa Februari akawa amefaulu baada ya miezi michache, bila ya kuandika neno jengine katika karatasi yake. Je, mzazi aliyeuza ng'ombe wake ili alipie masomo ya ziada aliulizwa lolote, mara ya kwanza au ya pili? Alikaa mbele ya redio akasikia mwanawe ameanguka, na akakaa mbele ya redio hiyo hiyo akasikia kwamba mwanawe ameinuka. Jambo linalokata riziki ya kijana kwa maisha yake yote halifai kuwa siri ya watu wachache wasioweza kuulizwa na yeyote.

WENZETU WAMEFANYA

Watatwambia kwamba haya ni ndoto, na kwamba hakuna nchi ya Kiafrika inayoweza kumpa mzazi neno katika skuli. Kwa hivyo tuwatazame ndugu zetu wa Afrika Kusini, ambao wamelijua jambo hili kwa pande zote mbili, upande wa dhulma na upande wa haki.

Chini ya Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953, Makaburu waliunda kamati na bodi za skuli ndani ya mitaa ya watu weusi, na wakawatia wazee ndani yake. Kwa jina, mzazi alikuwa na kiti. Kwa hakika, kiti hicho kilikuwa cha kutilia saini amri za wengine. Ilipoamriwa kwamba nusu ya masomo yafundishwe kwa Kiafrikana, bodi moja ya Meadowlands, katika Soweto, ilithubutu mapema mwaka 1976 kusema kwamba watoto hawataweza. Jawabu la Serikali lilikuwa kuwafukuza baadhi ya wajumbe wake. Wazee walipozibwa midomo, watoto wakaingia barabarani wenyewe, tarehe 16 Juni, 1976, nao wakapigwa risasi. Picha ya Hector Pieterson akibebwa mikononi imezunguka dunia nzima. Hiyo ndiyo thamani ya kamati isiyokuwa na nguvu: siku inapokataa huvunjwa, na mzigo wa kukataa hubebwa na watoto.

Walipopata uhuru wao hawakulisahau somo hilo. Sheria ya Skuli ya mwaka 1996 iliweka kila skuli ya umma chini ya baraza la uongozi lenye walimu, wafanyakazi, na wanafunzi pale penye madarasa ya juu, lakini wazee wawe wengi kuliko hao wengine wote wenye kura wakichanganywa pamoja. Makisio ya fedha hayapiti mpaka yaletwe katika mkutano mkuu wa wazee na yapigiwe kura. Mkutano hutangazwa siku 30 kabla, na makisio hayo huwekwa wazi skuli kwa siku 14 kabla ya mkutano, ili kila mzazi ayasome. Nchi yao haikuanguka kwa sababu mzazi alionyeshwa daftari.

Nasi si kwamba tunaomba kitu kisichotambuliwa na ulimwengu. Azimio la Haki za Binadamu la tarehe 10 Disemba, 1948, katika kifungu chake cha 26, limemtanguliza mzazi katika kuchagua aina ya elimu watakayopewa watoto wake. Neno la kuliangalia hapo ni kutanguliza. Mzazi ametajwa wa mbele, hakutajwa wa kungojea barua.

HAKI HII SI UFALME

Hata hivyo, mwenye kudai haki lazima aseme mpaka wake, ama sivyo atakuwa ameomba dhulma mpya badala ya ile ya zamani. Huko huko Afrika Kusini, nguvu hii ya wazee ilitumiwa vibaya. Katika mji wa Ermelo, baraza la skuli moja lilishikilia Kiafrikana peke yake, na huku watoto zaidi ya 100 waliokuwa wakitaka kusoma kwa Kiingereza wakikosa nafasi. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba baraza la wazee halitazami watoto waliomo ndani tu, bali hulazimika kutazama na haja ya jamii iliyo nje ya ukuta. Mwaka 2024 sheria ikabadilishwa, na idara ya elimu ikapewa nguvu zaidi katika mambo ya lugha na ya kuandikisha watoto, na wengi wakagombana juu yake.

Nasi tunasema hivyo hivyo. Haki ya mzazi si milki. Mzazi hana haki ya kumfungia binti yake nyumbani akaita hiyo ni khiyari yake, wala wazee wa kijiji hawana haki ya kumkataa mtoto wa mgeni, au mtoto aliye kiziwi, au mtoto wa mtu wa chama wasichokipenda. Mwalimu naye ana ujuzi wake, na hatutaki kila anayeweza kupiga kelele aende kumfundisha kazi yake darasani. Serikali ina wajibu wake wa kuhakikisha kwamba mtoto wa Tumbatu hapati chini ya alichopata mtoto wa Mji Mkongwe. Yote hayo twayakubali. Tunachokikataa ni kufanywa visingizio vya kumtoa mzazi nje kabisa. Ikiwa mzazi anaweza kukosea, dawa yake ni kuweka mpaka kwa sheria. Ofisa naye hukosea, na hatujasikia kwamba ofisi zimefungwa kwa sababu hiyo.

Tutaambiwa tena kwamba wazee wengi hawakusoma, basi watajuaje mambo ya elimu? Jawabu letu ni fupi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Bibi asiyejua kusoma anajua kwamba mjukuu wake anarudi saa nne asubuhi kwa kuwa mwalimu hakuja. Anajua kwamba mtoto yuko darasa la sita na hawezi kumsomea barua ya mjomba wake. Mambo hayo hayahitaji shahada, yanahitaji mtu wa kuyasikiliza. Na tena, hao wasiosoma ni wale wale wanaosifiwa kwa busara yao kila unapofika wakati wa kupiga kura. Haiwezekani mtu awe na akili ya kuchagua Rais, akakosa akili ya kuchagua kamati ya skuli.

TUNAYOYATAKA

Kwa hivyo, ndugu wananchi, matakwa yetu ni haya, nayo yanaweza kufanyika bila ya mkopo wa mtu:

1. Kila kamati ya skuli ichaguliwe na wazee wenyewe kwa kura ya siri, na wazee wawe ndio wengi ndani yake. Asiteuliwe mtu kwa kuwa ni wa chama fulani, wala asikatazwe kwa kuwa si wa chama hicho.

2. Hesabu za skuli, za fedha za Serikali na za kila aliyechangia, zibandikwe ubaoni kila muhula, kwa Kiswahili, mahali ambapo kila mtu hupita.

3. Lisibadilishwe jambo kubwa la lugha, la masomo au la muda wa kusoma, mpaka lisomwe mbele ya wazee wa kila skuli, na maoni yao yaandikwe na kutangazwa, yawe ya kukubali au ya kukataa.

4. Ripoti za wakaguzi zisomwe katika mkutano wa wazee. Ukaguzi unaokwenda Wizarani na kulala huko ni sawa na tabibu anayempima mgonjwa akamwambia jirani.

5. Asirudishwe nyumbani mtoto kwa kuwa mzazi wake hana pesa, wala asinyimwe mzazi huyo sauti katika mkutano. Kura ya skuli hailipiwi.

6. Mwalimu atakayesema ukweli mbele ya wazee asihamishwe kwa adhabu. Mwalimu aliyenyamazishwa na mzazi aliyenyamazishwa ni ndugu wa tumbo moja.

WAJIBU WETU

Neno la mwisho ni la kwetu wenyewe, na kila mwanachama alisikie hata likimchoma. Wako miongoni mwetu wanaolalamika barazani kutoka alasiri mpaka magharibi, na mkutano wa skuli ukiitishwa hawaonekani. Akina baba khasa ndio wenye tabia hii. Mikutano imejaa akina mama, kisha akina baba huuliza nani aliyekubali jambo hili. Asiyekuwepo na lake halipo. Serikali haikuhitaji nguvu kukinyakua kiti kilichokuwa kitupu.

Basi tangu muhula huu, kila mwanachama mwenye mtoto au mjukuu skuli ahudhurie mkutano wa skuli hiyo, naye ahudhurie kama mzazi. Asivae rangi za chama, asitoe hotuba ya siasa, asimtukane mwalimu. Ainuke kwa adabu aulize maswali matatu tu: Fedha ziko wapi? Nani ameamua? Lini tutaulizwa sisi? Akijibiwa, ashukuru na ayaandike majibu. Asipojibiwa, aandike kwamba hakujibiwa, na tarehe yake. Mzazi wa chama kinachotawala akiinuka kuuliza maswali hayo hayo, mpisheni aseme, mumuunge mkono, maana mwanawe amekaa dawati moja na wanetu, na ujinga ukiingia darasani hautazami kadi ya mtu.

Maswali matatu yakiulizwa katika skuli moja yataitwa fitina. Yakiulizwa katika skuli kumi yataitwa uchochezi. Yakiulizwa katika kila skuli ya Unguja na Pemba, kwa wiki moja, kwa sauti ya upole, hayatakuwa na jina jengine ila jina lake la haki, nalo ni sauti ya wenye watoto.

Wazee, mawe mmekwisha kuyabeba. Sasa ingieni ndani ya nyumba mliyoijenga, mkae.